Gari la Kwenda kwa Mama Mkubwa

"Suncheon," alisema Mi-ran, akigonga kioo cha simu kwa ukucha. "Tunashuka kwenye treni, tunavuka barabara, gari hilo hapo. Jipya. Na bei yake nusu ya bei ya huko kwako."

"Huko kwangu wapi? Mimi sina kwangu," akajibu mumewe, Gil-ho. "Nasema tu gari likodiwe karibu na unakokwenda. Gari la shamba linazijua barabara za shamba."

"Gari linajua barabara?"

"Linazizoea."

"Baba Se-in, una homa?"

Walikuwa nyumbani kwao Bucheon, chakula cha jioni kimekwisha, mabakuli bado mezani. Binti yao Se-in alikuwa amejifungia chumbani na vitabu vyake vya mtihani. Sakafuni, juu ya gazeti, mama yake Mi-ran, Bi Bok-rye, alikuwa akimenya vitunguu saumu. Bi Bok-rye huyu kwa kawaida hunyamaza pale tu anapotafuna. Jioni ile alikuwa kimya bila kutafuna chochote, na kila aliyemjua alijua kimya hicho si cha bure.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumamosi kulikuwa na harusi ya binamu yake Mi-ran mjini Suncheon, kusini kabisa. Jumapili, kabla ya kurudi, walitaka kupanda milimani hadi kijiji cha Solgol, kwa Mama Mkubwa Bok-sun, dada yake Bi Bok-rye. Dada huyo alikuwa na miaka themanini na kitu, na Jumatatu yake wanawe walikuwa wanamhamishia kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Gwangju. Basi la kijijini lilishafutwa zamani. Magoti ya Bi Bok-rye nayo yalishagoma. Ndugu hao wawili walikuwa wakisikiana kwenye simu tu, na hamu ya mdogo ilikuwa moja: aketi barazani na dada aliyembeba mgongoni utotoni, wale, wawasengenye walio hai na waliokufa, kabla mlango ule haujapigwa kufuli. Jumapili hiyo ikipita, basi tena.

"Mi-ran," hatimaye Bi Bok-rye akasema bila kuinua macho, "mwache mwenzio. Dereva hapa ni nani? Aliyemwendesha kamanda ni wewe?"

"Sikusema mimi, Mama, lakini bei..."

"Dereva ndiye ajuaye. Mkwe wangu akisema gari lichukuliwe juu ya mti, tutaleta ngazi."

Mi-ran akaanza kukusanya mabakuli. Yeye hata leseni hakuwa nayo. Gil-ho akamshukuru mama mkwe kwa kuinamisha kichwa, kisha akaenda chooni, akajifungia, akawasha simu na kuendelea kutazama video ya mtu anayeeleza jinsi ya kuwasha gari.

Naam, umesikia sawasawa. Gil-ho hakuwahi kumwendesha kamanda yeyote. Kamanda alimjua kwa supu tu. Katika nchi yetu kila mwanamume amepita jeshini, na kila mmoja ana hadithi yake ya huko. Hadithi ya Gil-ho ilikuwa ya viazi na karoti, maana alikuwa mpishi, na mpaka leo ni mpishi, katika jiko la shule ya msingi, anakokwenda kwa miguu. Leseni alikuwa nayo. Aliipata ujanani baada ya kufeli na kufeli tena, akaitia kwenye droo chini ya soksi, na tangu siku hiyo hajashika usukani. Sisi tunaiita leseni ya kabatini, na ukipekua makabati ya mji huu utazikuta tele.

Uongo ulizaliwa siku alipokwenda kuposa. Bi Bok-rye alimchinjia kuku anayetaga, kama mkwe anavyostahili, akamwekea mapaja yote mawili kwenye bakuli lake, kisha akauliza, "Jeshini ulifanya nini, mwanangu?" Jamani, mapaja yote mawili! Mtoto wa watu angewezaje kusema alikuwa akimenya viazi? "Dereva, Mama," akasema. "Wa kamanda." Uongo ukakua, na serikali ikausaidia. Asiyegusa gari hagongi mtu. Miaka ilipopita bila ajali, Gil-ho akaruhusiwa kupandisha leseni yake kutoka daraja la pili hadi la kwanza, bila hata kuulizwa klachi iko mguu gani. Bi Bok-rye ndiye aliyemhimiza. Aliiazima leseni hiyo siku nzima, akaizungusha kwenye ukumbi wa wazee mpaka wenzake wakachoka.

Sasa hapo ndipo mzizi wa ubishi. Kutoka Suncheon hadi Solgol ni saa nzima, na nusu yake ni barabara kuu yenye malori yanayokimbia kama yameiba. Kutoka stesheni ndogo ya Dolmoru ni robo saa tu, barabara nyeupe, mashamba kushoto na kulia. Pale Dolmoru mkodishaji alikuwa mmoja, Mzee Cheon mwenye gereji, na alikuwa na gari moja tu la otomatiki. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na Gil-ho alikuwa akiitafuta iliyo fupi kuliko zote.

Otomatiki, alijiambia akiwa juu ya choo, ni kukanyaga na kuachia. Hata nyani anaweza. Akalipia la Dolmoru usiku uleule.

* * *

Harusini chakula kilikuwa kingi, na Dae-uk, mume wa mdogo wake Mi-ran, alikuwa mwingi zaidi. Alikuja na gari lake jeusi la mjini Busan, lile ambalo ukilikaribia linajifungua lenyewe. Akamkuta Gil-ho kwenye foleni ya nyama.

"Kaka! Nasikia umekodi gari la gereji huko porini. Wakikupa na jogoo bure, unikumbuke."

"Ni karibu na tunakokwenda."

"Pesa hizo si ungeninunulia pombe ya soju, halafu nikawapeleka mwenyewe? Kesho asubuhi sina kazi. Mama atakaa kwenye kiti kinachokanda mgongo."

Gil-ho alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi: ndiyo, shemeji, tupeleke, Mungu akuzidishie. Angemeza matusi yote ya Dae-uk mwaka mzima kwa raha. Lakini Bi Bok-rye alikuwa nyuma yao na sahani yake.

"Tukupe kazi ya nini wewe?" akamwambia Dae-uk. "Wewe unaendeshwa na gari lako. Huyu anaendesha. Rudi Busan salama."

"Mama, labda..." Gil-ho akaanza.

"Tena nimeshampigia yule mzee wa gereji. Nimemwambia anayekuja si mtu wa mchezo. Dereva wa jeshi, daraja la kwanza. Nikamwambia asituaibishe kwa kutupa kijigari cha wanagenzi."

Kipande cha nyama kikamkwama Gil-ho kooni. Mi-ran akampiga mgongoni, na Dae-uk akamletea maji huku akicheka.

* * *

Jumapili asubuhi treni ndogo ikawashusha Dolmoru, wao na bahasha za mwani na keki za mchele alizobeba Bi Bok-rye kwa ajili ya dada yake. Gereji ilikuwa mkabala na stesheni. Mbele yake pilipili nyekundu zilikuwa zimeanikwa kwenye mikeka, na katikati alisimama Mzee Cheon, mwanamume mnene mwenye ovaroli. Alipowaona akapiga saluti.

"Dereva wa kamanda! Karibu, karibu. Nimekuwekea chuma."

Chuma chenyewe kilikuwa pikapu ya buluu ya kabini mbili, kuukuu, na katikati ya viti vya mbele umesimama mkongojo wa gia.

"Nililipia otomatiki," Gil-ho akasema kwa sauti iliyotoka puani.

"Ulilipia, kweli. Lakini jana kaja mwalimu mmoja wa kike, analilia gari, na leseni yake ni ya otomatiki tu. Nikajiambia, huyu bwana mkubwa daraja la kwanza, akipewa otomatiki atajiona amedharauliwa. Mama yako mwenyewe kanionya kwenye simu. Nikampa mwalimu lile. Hili utalifurahia. Na nitakupunguzia bei."

"Unaona?" Bi Bok-rye akamnong'oneza Mi-ran kwa fahari. "Watu wa kazi wanajuana."

Mzee Cheon akazunguka pikapu na simu, akipiga picha kila mkwaruzo ili kesho wasigombane. Akachoka njiani, maana mikwaruzo ilikuwa mingi kuliko rangi. Mama mkwe akapandishwa kiti cha nyuma. Mi-ran akakaa mbele. Gil-ho akashika usukani, akajifunga mkanda, akaufungua, akajifunga tena.

Akawasha. Pikapu ikaruka mbele, ikazimika.

"Ilikuwa kwenye gia," Mzee Cheon akasema kwa heshima. "Mimi niliiacha hivyo. Kosa langu."

Akawasha tena. Ikanguruma, ikatetemeka, ikazimika. Mara ya tatu ikaenda kweli, moja kwa moja juu ya mkeka wa pilipili, ikazimikia hapo. Mzee Cheon akatazama pilipili zake, akamtazama dereva wa kamanda, na heshima ikaanza kumtoka usoni taratibu.

"Kamanda wako," akauliza, "alifia vitani au garini?"

Mi-ran hakucheka. Alikuwa akiiangalia mikono ya mumewe, jinsi ilivyong'ang'ania usukani mpaka vifundo vimekuwa vyeupe. "Baba Se-in," akasema kwa upole, "kuna nini?"

Gil-ho akazima ufunguo. Akageuka nyuma, akamwinamia mama mkwe mpaka paji la uso likagusa mgongo wa kiti.

"Mama, nisamehe. Mimi sijawahi kuendesha gari. Jeshini nilikuwa jikoni."

Gil-ho aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Jikoni," akasema Bi Bok-rye.

"Ndiyo, Mama."

"Na kamanda?"

"Alipenda supu ya kabichi."

Bi Bok-rye akapumua. "Sasa yule kuku wangu anayetaga ulimlia nini?"

Gil-ho akazidi kuinama.

"Nimezungusha leseni hiyo ukumbini mpaka mama Hwa-suk kanuna wiki nzima! Na dada yangu kakaa barazani tangu alfajiri ananingoja." Hapo sauti ikamkatika, na akageuza uso dirishani. Loo, afadhali angepiga kelele.

Mi-ran akashuka kutafuta njia nyingine. Dae-uk alishafika nusu ya safari ya Busan, na simu yake haikupokelewa. Teksi za pale zilikuwa mbili, zote zimepeleka watu wa mjini kutazama majani ya vuli yaliyogeuka mekundu hekaluni, zingerudi jioni. Akamgeukia Mzee Cheon.

"Na wewe, mzee? Tutakulipa utupeleke mara moja tu."

Mzee Cheon akajikuna kisogo. "Leseni yangu imefungiwa. Pombe ya mchele, na polisi mmoja asiye na adabu."

Kisha kutoka kiti cha nyuma cha pikapu ikasikika sauti ya Bi Bok-rye, kavu.

"Wewe mpishi. Jeshini ulipikia watu wangapi?"

"Kambi nzima, Mama."

"Kuna aliyekufa?"

"Hakuna."

"Wa kuharisha?"

"Mara moja tu. Ilikuwa chaza."

"Basi unaweza kazi. Mzee, mfundishe."

* * *

Mzee Cheon akamfundisha pale pale uwanjani, baada ya mikeka ya pilipili kuhamishwa. "Unapika wali?" akauliza. "Moto unaushusha kwa pupa? Basi klachi ni hivyohivyo. Iachie kidogo, ngoja isikie, halafu kidogo tena. Usiishtue." Kumbe hapo Gil-ho akaelewa. Maneno ya video zote za chooni hayakuwa yamemwingia, lakini wali aliujua. Akazunguka uwanja mara moja, akazunguka tena, jasho linamchuruzika shingoni, na Mzee Cheon anatembea kando ya dirisha mikono nyuma kama anapunga upepo.

"Na gia ya pili?"

"Ya pili achana nayo leo. Ya kwanza itakufikisha. Itapiga kelele, lakini itakufikisha."

Mi-ran akatoa rangi ya midomo mkobani, akaandika kwenye karatasi, akaibandika kioo cha nyuma: SAMAHANI, DEREVA MPYA, MAMA MKWE YUMO NDANI. Wakaingia barabarani.

Mwendo ule! Kupitwa na basi la watalii hilo si neno. Wakapitwa na baiskeli. Wakapitwa na pawatila, kile kitrekta cha mkono, iliyobeba mpunga, na mwenye pawatila alipoisoma ile karatasi akasimama akawapigia makofi. Mbwa wa njano akawafuata kwa mguu, akaona hawana haraka, akatangulia. Injini ilikuwa ikilia kama inaonewa, na Gil-ho alikuwa ameinamia usukani pua ikikaribia kioo.

"Mbwa katupita," Bi Bok-rye akatangaza.

"Nimemwona, Mama."

"Nakuarifu tu. Kamanda angependa kujua."

Mi-ran akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, akajishika mbavu, akamwegemea mumewe begani, na Gil-ho akapiga kelele, "Usiniguse, naendesha!" na hapo hata mama mkwe akashindwa kujizuia. Alijaribu kuficha kicheko kwenye bahasha ya mwani. Kwa hiyo waliingia Solgol wakicheka wote watatu, jua likiwa limeshapita utosini, na robo saa ya Gil-ho ikiwa imekuwa saa na zaidi.

* * *

Mama Mkubwa Bok-sun alikuwa barazani, mdogo, amekunjamana, kavaa blauzi yake ya sikukuu. Alimtazama mdogo wake akishushwa kwenye pikapu.

"Umezeeka vibaya, wewe mtoto."

"Na wewe je? Nani kakuchora uso hivyo?"

Halafu wakashikana mikono. Walilia bila kujificha, wakafutana machozi kwa mikono ileile, wakaanza kugombana juu ya nani ale kwanza. Gil-ho akaingia jikoni, akapasha moto alichokikuta, akakata figili, akaleta sinia. Wakala hapo barazani mpaka mabakuli yakawa meupe.

Chumbani mizigo ilikuwa tayari: masanduku mawili na blanketi lililofungwa kamba. Kila mtu aliiona na kila mtu akajifanya haoni.

Bi Bok-rye hakumficha mkwe wake. Alimsimulia dada yake yote: kuku, kamanda, supu ya kabichi, mbwa wa njano. Alisimulia vizuri tena, akiongeza chumvi, na Gil-ho akakaa kichwa chini kama mwanafunzi. Mama Mkubwa alisikiliza. Mwishoni hakucheka.

"Mkwe," akasema. "Kweli unaendesha polepole hivyo?"

"Kweli, Mama Mkubwa. Ya pili siijui."

"Nipandishe."

"Dada, uende wapi?" Bi Bok-rye akauliza.

"Hapa hapa. Kijijini. Nilipougua majira ya baridi mwanangu alinipitisha kwa gari lake, na kijiji kikapita kama chafya. Sikuona hata mlango wa mtu. Kesho watakuja tena na mwendo wao ule." Akawa tayari anatafuta viatu vyake kwa vidole vya mguu. "Mimi nililetwa hapa bibi harusi, kwenye kiti, mabegani mwa watu. Mwendo wa mguu. Nikaona kila nyumba, nikaogopa kila nyumba. Nataka kuondoka hivyohivyo, nione ninachokiacha."

Wakampakia mbele, Mi-ran na mama yake nyuma. Gil-ho akaachia klachi kidogo, akangoja isikie, akaachia tena. Pikapu ikateremka kijijini, na Mama Mkubwa akashusha kioo, akatoa mkono wake wote nje.

"We Chil-bok! Naondoka kesho! Mbegu zako za ufuta nilizichukua mimi!"

"Nilijua!" akajibu mzee mmoja kutoka juu ya paa lake.

"Mama Ok-bun, toka nje, acha hiyo televisheni! Kwaheri! Mpaka wa shamba mliusogeza, nimewasamehe nusu, nusu mtanilipa mbinguni!"

Watu wakatoka. Wengine walitembea kando ya gari wakimshika mkono dirishani, na hawakuhitaji kukimbia. Mmoja akampa tunda la persimoni, mwingine akamtupia tusi la utani, akalipokea kwa raha. Aliuaga mkunjo wa mto alikofulia nguo, akaiaga ghala, akaliaga kaburi la mumewe mlimani kwa maneno ambayo Gil-ho alijifanya hayasikii. Alilia sana njiani, na alicheka sana, na mdogo wake alikuwa amemshika bega kutoka kiti cha nyuma muda wote. Kwenye uwanja wa kupuria wakageuza, wakarudi kwa upande wa pili, na upande huo nao ukaagwa nyumba kwa nyumba.

Kilima kilipokwisha, likaonekana lango lake. Gil-ho akapeleka mguu kwenye breki.

"Usisimame," Mama Mkubwa akasema. "Pita, mwanangu. Polepole tu. Na nyumba hii sijaiaga."

Gil-ho akautoa mguu kwenye breki. Wakapita mbele ya ukuta, mbele ya mtungi wa mchuzi wa soya, mbele ya baraza lenye mabakuli ya mchana ambayo hayajaoshwa, na Mama Mkubwa Bok-sun akainua mkono.